Gari Walilolipaka Kijani

Vijana wangu wa dawati la magari, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, muwe mnayasoma mkikaa zamu. Nilikubali upesi kwa sababu mlikuwa mmeninunulia mabeseni na vitenge, na ni vigumu kumkatalia mtu aliyekushikia beseni. Sasa niko nyumbani Mabwerebwere, hapa hapa Kilosa. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Kila nikianza na mambo mazuri, mkono unanipeleka kwenye lile lililoniudhi. Basi nitafuata mpangilio tangu mwanzo, lakini msishangae mkifika mbele mkakuta nimekasirika. Nimekasirika kweli, na sioni sababu ya kujificha.

Habari za vyeo siandiki. Nilipandishwa kidogo na nikacheleweshwa sana, kama mtakavyocheleweshwa ninyi, na hakuna cha kujifunza humo.

Nilianza kazi katika chumba cha redio. Ninyi mmekuta simu, kwa hiyo niwaeleze. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya ofisi, kina meza, redio ya upepo, betri ya gari sakafuni na kipaza sauti chenye waya uliojikunja. Zahanati za mbali zilikuwa na redio kama hiyo. Mgonjwa akizidiwa Kidete au kule juu Lumuma, mganga anatuita, sisi tunamtafuta dereva, gari linaondoka. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, jana na leo. Kilichobadilika ni vyombo tu, na watu wengi wanaobadilisha vyombo hawajui kazi.

Aliyenifundisha ni Mzee Sefu. Alikuwa amefanya kazi reli, stesheni ndogo ndogo za hapo katikati, kabla ya kuhamia kwetu. Mtu mkimya, kanzu yake nyeupe siku za Ijumaa, kaunda suti siku nyingine. Siku yangu ya kwanza Kidete waliita: mtoto kamwagikiwa na uji wa moto, wanaomba gari. Nikajibu kwa furaha ya ugeni, "Sawa, nimepata." Mzee Sefu akanyoosha mkono akaninyang'anya kipaza sauti bila ukali.

"Umepata nini?" akaniuliza. "Mwambie ulichopata."

Ikabidi nirudie: mtoto, ameungua kifua, yuko Kidete, gari linaombwa. Kule nao wakarudia: gari linatoka Kilosa, dereva ni Mhina. Ndipo Mzee Sefu akaniruhusu kuandika. Akanieleza kwamba reli ni njia moja, na treni mbili haziwezi kupishana juu yake. Kwa hiyo treni haitoki stesheni mpaka stesheni ya mbele ikubali kwa kinywa chake kuwa njia iko wazi. Mtu wa stesheni hatoi ruhusa kwa kudhani. Neno lake nililibeba miaka yote: ujumbe ambao haujarudishwa haujafika.

Nilimwona mkorofi. Nilikuwa na sauti nzuri na nilitaka kuitumia, yeye ananirudisha nyuma kama mtoto wa darasa la kwanza. Baadaye nilikuja kuona maana yake, na walionionyesha ni watu wa Lumuma.

Kule milimani gari halifiki mlangoni kwa mtu. Liko korongo ambalo wakati wa mvua halivukiki, na hata kiangazi dereva mwenye akili analiogopa. Desturi ya watu wa huko ni kumpokeza mgonjwa korongoni. Wanamlaza kwenye machela ya miti na turubai, wanaume wanainua, wanateremka naye mpaka ukingoni, gari linamchukulia hapo. Sasa hapo pana hesabu. Wakiinua mapema, mgonjwa analala mvuani akisubiri gari ambalo halijatoka. Wakichelewa, gari linakaa bure huku mtu mwingine Mikumi anavuja damu barabarani. Kwa hiyo hawainui mpaka wajue dereva amewasha gari. Enzi za redio mganga wao alimsikia kwa masikio yake. Mhina alikuwa anakuja chumbani kwetu, anashika kipaza sauti, anasema, "Mimi Mhina natoka Kilosa sasa hivi." Mganga anatoka nje anawaambia, machela inainuliwa.

Kesi ngumu zilikuwepo. Mikumi zilikuwa za barabara kuu, mabasi na malori, na mara nyingine tembo wamesimama njiani na hakuna wa kuwapigia honi. Siku moja Mhina alikaa nyuma ya tembo na mgonjwa aliyevunjika mguu ndani ya gari, akawa ananieleza kwa redio ya gari kila hatua ya yule mnyama, kana kwamba mimi ningeweza kumhamisha. Niliita, nikarudia, nikaitwa, nikarudiwa. Mgonjwa yule alipona, na mpaka leo kila akiniona sokoni ananisimulia habari za tembo, hanisimulii za mguu wake.

Redio zikachakaa, zikaja simu za mkononi, tukapiga na kupigiwa. Kisha ukaja mradi na programu yake ya kuitia magari. Wahudumu wa afya wa vijijini, wale wa kujitolea, walipewa simu za kupangusa, na mimi nikawekewa skrini mezani. Nilitarajia takataka. Naomba niwe mkweli: haikuwa takataka. Aliyeitengeneza mara ya kwanza alikuwa binti anaitwa Rehema, na Rehema alikuja akakaa kwetu. Alipanda gari na Mhina. Alikwenda Kidete akakaa kwenye mkeka na wahudumu, akawauliza wanataka waone nini kwenye kioo, maana si wote wanasoma haraka, na jua la huko haliruhusu kusoma herufi ndogo hata kama umesoma chuo.

Aliyejibu vizuri alikuwa Asteria, mhudumu wa kijiji cha juu kabisa kule Lumuma, mama mwembamba mwenye mdomo wa haraka. Asteria alisema ichorwe picha ya gari. Kabla hujaomba, gari liwe la kijivu, maana limelala. Ombi likifika Kilosa, liwe la njano, maana limeamka. Dereva akiwasha na kutoka, liwe la kijani, maana linakuja. Rehema akachora hivyo hivyo. Na rangi ya kijani haikuwa inajibadilisha yenyewe. Ilikuwa inabadilishwa na dereva, kwa kidole chake, akiwa ameshakaa kwenye usukani.

Nilimpelekea Mzee Sefu simu ile nyumbani kwake. Alikuwa ameshastaafu, macho yamepungua. Akaishika mbali na uso, akaniuliza nani anabadilisha rangi. Nikamwambia dereva. Akatikisa kichwa akasema, "Basi hiyo ni reli," akanirudishia. Mzee wangu hakuwa na sifa nyingi, na hizo alizonipa siku ile zilinitosha.

Ikawa desturi. Kule juu mgonjwa akizidiwa, watu wanakusanyika uani. Asteria anabonyeza, kisha anainua simu juu watu wote waione. "Limelala," wanasema. Kama mtandao haupo, anapanda kwenye mwamba nyuma ya kanisa, anasubiri. "Limeamka." Wanawake wanafunga vitenge, maji ya kunywa yanatiwa kwenye dumu. "Linakuja." Machela inainuliwa. Hakuna aliyekuwa anasoma neno hata moja. Vikongwe wasiojua simu inawashwa wapi walikuwa wanajua gari la kijani, na watoto walicheza mchezo wa limelala limeamka. Miaka yote ile sikuwahi kusikia machela imeinuliwa bure.

Halafu mradi ukabadilisha wakubwa. Rehema akaondoka kwenda kwingine. Tukaitwa Mikumi, kwenye ukumbi wa hoteli, kutambulishwa muonekano mpya. Waliitwa wakuu wa vituo na sisi wa dawati. Wahudumu wa vijiji hawakuitwa, na asiyekuwepo na lake halipo. Tulipewa fulana za kijani kabla hatujapewa chai. Wakati wa chai nyani aliingia kwa mlango wa jikoni akabeba sahani nzima ya sambusa, na nikitazama nyuma naona ndiye peke yake aliyefaidika na semina ile.

Mbunifu alikuwa kijana wa Dar es Salaam, Brayan. Aliniamkia vizuri, shikamoo yake ya heshima, sina ugomvi na malezi yake. Akatuonyesha ukutani picha za zamani na picha mpya. Za zamani akaziita za kizamani mara tatu. Picha ya ajali, basi lililolala ubavu, ikawa pembetatu. Picha ya nyoka, ya mtu aliyeumwa, ikawa tone. Kila kitu kikawa chembamba, kina nafasi nyingi nyeupe. Watu wakapiga makofi. Kisha likaja gari, na lilikuwa la kijani.

Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza hilo gari tunaloliona, dereva ameshatoka?

"Hapana Mama, hiyo ni hali ya kawaida," akanijibu. "Kijani ndiyo rangi ya mradi. Tumetaka picha zote zifanane."

Nikamuuliza sasa mtu atajuaje gari linapokuja. Akanionyesha. Chini ya gari palikuwa na maneno, madogo kama sisimizi, yanayosema ombi limefikia wapi. Nilikuwa nimevaa miwani na nimekaa mstari wa mbele, sikuweza kuyasoma. Nikasema hivyo. Nikaeleza habari ya korongo, ya machela, ya Asteria kuinua simu juu. Nilieleza polepole kwa Kiswahili ambacho hata nyani yule angekielewa. Brayan alinisikiliza kwa upole, na upole ule ndio unaoniwasha mpaka leo.

"Mama yangu, huwa tunaona hivi kila mahali. Picha zikibadilika watu wanalalamika mwanzoni, halafu wanazoea."

Wenzangu wakacheka kidogo, ile ya kumcheka mtu mzima asiyetaka mambo mapya. Nikasema basi angalau wahudumu wote waelezwe kabla haijabadilika. Nikaambiwa programu itajieleza yenyewe. Nikarudi Kilosa na fulana yangu, na kesho yake tukaanza kuwapigia wahudumu mmoja mmoja, nyinyi mnakumbuka, wengine mlipiga hata kwa vocha zenu. Hatukumaliza. Apdeti iliingia yenyewe kwenye simu zao kabla hatujafika nusu. Asteria kila nikimpigia hapatikani, na kule juu kutopatikana ni jambo la kila siku.

Ilitokea mchana, mvua inanyesha. Zawadi, binti wa mimba ya kwanza, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hateremki. Asteria aliitwa. Alipofungua simu aliona picha zimebadilika, lakini hakuwa na muda wa kuzishangaa. Akatafuta gari akaliona, akabonyeza, akatazama: gari la kijani. Alinieleza baadaye kwamba alimshukuru Mungu na akamsifu Mhina moyoni kwa wepesi wake. Akatoka uani, akainua simu juu.

Uani palikuwa na mume wa Zawadi, Yohana, na wajomba, na majirani. Wote waliona. Wakasema linakuja. Wakainua machela.

Ombi lile halikuwa limetoka kwenye simu. Mtandao haukuwepo. Zamani gari lingebaki la kijivu, Asteria angepanda mwambani, au mtu angetumwa mbio Kidete. Siku ile hakuna aliyetumwa popote, maana hakuna anayekwenda kumwita mtu ambaye ameshamwona njiani. Chini ya gari yalikuwepo yale maneno ya sisimizi, "inasubiri mtandao." Nani angeyasoma, na mvua inapiga kioo, na mwanamke analia?

Wakakaa ukingoni mwa korongo. Walimfunika Zawadi kwa turubai na wanawake wakashika vitenge kuzuia mvua. Kila Yohana akiuliza, Asteria anafuta simu kwa kanga, anatazama, gari ni la kijani. Kule kwetu dawatini palikuwa kimya. Mhina alikuwa nje anaosha gari. Naandika hivyo ili mwelewe: gari lilikuwepo, lina mafuta, dereva yupo, nami nilikuwepo, na tulikuwa hatuna kazi.

Mwishowe mjomba mmoja akasema hapana, hili si bure, akakimbia mpaka Kidete. Mtu wa stesheni ya reli ya pale akamwazima simu, akatupigia. Mhina aliondoka na povu la sabuni bado kwenye milango. Alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa pale pale kwenye matope, wa kiume, na hakulia hata mara moja. Zawadi alikuwa amevuja damu nyingi. Walimvusha, Mhina akamleta, madaktari wakamwokoa. Mtoto walimrudisha milimani kwenye kitenge.

Sikupaza sauti siku ile. Nilimpigia Brayan nikamweleza. Nadhani aliumia, yeye si mnyama. Akaomba muda atazame. Aliponirudia alisema mfumo ulifanya kazi sawasawa, ombi halikutumwa na skrini ilionyesha kwamba halijatumwa. Nikamwambia skrini ilionyesha gari la kijani. Akasema, ndiyo Mama, lakini maneno yalikuwepo. Nilikata simu, nikatoka nje, nikaivua ile fulana waliyotupa nikaitumia kufutia matope kwenye machela ya gari. Mlioniona siku ile mkidhani nimechanganyikiwa, sikuwa nimechanganyikiwa.

Ikapita miezi michache, ikaja barua kwamba makao makuu ya mradi yanakusanya maoni ya watumiaji kuhusu muonekano mpya, nami nikapewa kazi ya kuzunguka. Nilipewa fomu yenye vijiuso, anayecheka, anayetabasamu na mwingine wa katikati, na nafasi ya mistari miwili ya maoni mengine. Nikazunguka.

Sitasema wote walichukia. Kijana mmoja tabibu wa hapa mjini aliniambia imetulia, Mama, inavutia, na aliipenda kweli. Nikaandika. Mikumi nesi mmoja wa kituo cha barabarani alikuwa amefura. Alisema ile pembetatu ya ajali madereva wake wanaijua, ndiyo wanayoweka barabarani lori likiharibika, kwa hiyo zamu nzima ilikuwa inaona pembetatu na kudhani kuna lori limepata pancha. Saning'o, mhudumu wa wafugaji kule nyandani, aliitazama fomu, ameegemea fimbo yake. Akaniuliza: nikiamka asubuhi nikakuta ng'ombe wangu wote wamegeuka rangi moja, na mtu ananiuliza wamependeza kiasi gani, nimjibu nini? Nikamwambia mistari ni miwili tu, afupishe. Akasema, andika mwizi.

Nilipanda mpaka kwa Asteria. Simu ya mradi ilikuwa ndani ya sufuria, imefungwa kwenye kitambaa, juu ya dari. Hakutaka kuishika. Watu hawakumlaumu, alisema, na hilo ndilo lilikuwa linamuua, kwa sababu aliyeinua simu ni yeye na aliyewaambia linakuja ni yeye. Nilimwambia rangi ile yeye ndiye aliyeichagua na waliomnyang'anya hawakumwomba. Sijui kama ilimsaidia. Nilikuwa na hasira mno kuwa mfariji mzuri.

Akanipeleka kwa Zawadi. Alikuwa amekaa jikoni anapepeta mahindi, akaniamkia kwa sauti ndogo. Sikuwa na nia ya kumuuliza fomu, naapa. Ila Yohana akauliza karatasi ni za nini, nikaeleza, wanataka kujua watumiaji wameonaje picha mpya. Zawadi akaacha ungo.

"Mimi simu sikushika, Mama," akasema. "Mimi nililiona gari tu. Nilikuwa nimelala nalitazama."

Nikaliandika neno hilo kama alivyolisema. Mistari miwili ilitosha.

Makao makuu wakanipigia. Karatasi zote zimefika, ahsante sana, ila moja imeondolewa kwa sababu huyo si mtumiaji, hana simu ya mradi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wala sikutegemea mtu wa ofisini aujue, lakini kumwambia hata hakuwepo? Ripoti ilipotoka tulisomewa mkutanoni Morogoro: muonekano mpya umepokelewa vizuri, isipokuwa watumiaji wachache wa umri mkubwa wanaohitaji muda wa kuzoea. Nilisimama. Nikasema kwetu picha ya gari ilikuwa kauli ya dereva, nyinyi mkaifanya pambo. Nikasema mtu anayelala kwenye machela akitazama picha yenu ndiye mtumiaji kuliko ninyi nyote humu ndani. Mwenyekiti akanishukuru kwa mchango wangu. Tukaenda kula.

Kwa hiyo tulifanya letu, na hili ndilo nataka mlishike. Tuliwaambia wahudumu wote: msiinue machela kwa rangi. Inueni mkisikia sauti ya dereva anataja jina lake. Mhina akawa anapiga mwenyewe kama enzi za redio. Kila mgeni akija dawatini mfundisheni hivyo, na akiona ni ukorofi mwacheni aone. Mahali penye mtandao kanuni hii inasaidia. Kule juu, mvua ikinyesha, haisaidii, na sitawadanganya. Kwenye hiyo simu gari bado ni la kijani. Niliomba mpaka siku yangu ya mwisho lirudishwe kijivu, na mpaka siku yangu ya mwisho nilijibiwa kwamba ombi limepokelewa.

Wiki chache baada ya kustaafu, Yohana alibisha hodi kwangu Mabwerebwere. Amekuja na mahindi ya kuchoma kwenye mfuko, shikamoo Mama, marahaba mwanangu, karibu ndani. Akaketi, akaeleza shida yake. Zawadi ana mimba tena, na miezi yake itaangukia masika. Nikamweleza ile kanuni yetu, sauti ya dereva, jina lake. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na mtandao usipokamata, Mama?"

Nikamwambia chumba cha uani kipo wazi, na kutoka hapa hospitali ni mwendo wa miguu. Amlete kabla mvua hazijaanza.

Basi Zawadi yuko hapa. Tumbo limeshuka, anatembea ameshika kiuno, na hataki kukaa bure ingawa namfokea. Leo nilipokuwa naandika haya, simu yangu ililia juu ya meza. Programu bado imo, hakuna aliyekumbuka kuniondoa. Ilikuwa inaniuliza kama nimeridhika na muonekano mpya, nichague uso mmoja. Nikatukana kidogo. Zawadi, aliyekuwa anachambua mchele, akauliza kuna nini, nikamweleza, na nikampa simu aishike kwa mkono wake, awe mtumiaji.

Akafuta vidole kwenye kanga. Akawatazama mmoja mmoja, anayecheka, anayetabasamu, na yule wa katikati aliyefunga mdomo. Akasogeza kioo juu na chini kuona kama wapo wengine.

"Uso wangu haumo humu, Mama," akasema. Akanirudishia simu, akaendelea kuchambua mchele.